Bomba la sindano nyumbani: angalia hesabu ya siku kwanza

Dada wa Malindi, umesema mumeo hawezi kumaliza ndani, miezi mitatu mmetumia bomba kutia manii siku ya 13 na ya 14 tangu hedhi ianze, na hedhi yako huja kila baada ya siku 33. Kosa liko kwenye siku. Yai hutoka kiasi cha siku 14 kabla ya hedhi inayokuja. Kwako ni karibu na siku ya 19. Mbegu huishi ndani siku tatu, tano kwa nadra, na ute ukiwa mzito hazipiti kabisa. Mnatia mapema mno.

Duka la dawa kuna vipande vya mkojo vya kupima yai, si vile vya mimba. Anza siku ya 15. Pima alasiri, na saa mbili kabla usinywe maji mengi. Mstari wa kipimo ukikoza sawa na ule mwingine au kuushinda, mara nyingi yai hutoka ndani ya saa 24 hadi 36. Mstari hafifu usiuhesabu. Tieni siku hiyo na kesho yake. Ute ukivutika kama wa yai bichi kabla mstari haujakoza, usingoje. Ramadhani shughuli hii iwe ya usiku.

Mumeo akae siku mbili au tatu bila kumwaga. Zaidi ya tano mbegu huanza kuchoka. Atoe kwenye kikopo kipya, kikavu, cha kupimia mkojo. Hapa wengi huharibu bila kujua: mate, losheni na mafuta ya nazi huweza kudhoofisha mbegu, na kondomu ya kawaida nayo ina mafuta yake. Mkono mkavu, basi. Manii yakitoka huwa mazito. Yaache dakika 15 hadi 30 yalainike, kisha yatumike kabla saa moja haijaisha. Yasiingie friji, na msimu wa kaskazi yasiwekwe dirishani penye jua.

Bomba liwe jipya, la mililita 5, sindano imetolewa na kutupwa kabla ya lolote. Vuta polepole, elekeza mdomo juu, toa hewa. Lala chali, mto chini ya nyonga, ingiza taratibu na usimame ukihisi kizuizi. Sukuma kwa nusu dakika. Baki umelala dakika 15. Kitakachotiririka ukiinuka ni majimaji, usihuzunike.

Mtu akikwambia uunganishe mrija ufike ndani ya kizazi, kataa. Manii yasiyosafishwa maabara yakiingia humo huleta msokoto mkali wa tumbo na huweza kupeleka vijidudu. Homa, maumivu ya chini ya kitovu au uchafu wenye harufu, nenda hospitali siku hiyo.

Mumeo naye apimwe sukari na presha, kwani kushindwa kumaliza ndani wakati mwingine hutokana na kisukari au na dawa anazokunywa. Kama umefika miaka 35, usivuke miezi sita bila kumwona daktari. Chini ya hapo, mwaka. Manii yapimwe mapema, kabla hujamaliza pesa kwa vipande. Sampuli ya kutoka nyumbani ifungwe ndani ya nguo, karibu na mwili, ifike maabara ndani ya saa moja. Wanaotusoma kutoka Pate au Faza, mashua isiwahangaishe: mume atolee hospitalini hapo hapo.