Maswali yenu kuhusu ditekta na sarafu za kale

*Muuzaji ananiambia mashine yake inaona sarafu futi sita chini ya ardhi. Nataka kutafuta rupia za Mjerumani kwenye kiwanja cha marehemu babu. Nichukue? (Msomaji, Tabora)*

Usitoe pesa. Hakuna ditekta, yaani mashine ya kutafutia metali ardhini, inayoona sarafu moja kwa futi sita, itoke nchi yoyote. Rupia ya fedha ya enzi za Mjerumani ina upana wa milimita 30 na uzito wa gramu 11 na ushee. Ni sarafu kubwa, lakini hata hiyo mashine ya kati huipata kwenye sentimita 25 hivi, na mashine bora husogea kidogo tu zaidi ya hapo. Nguvu ya sumaku inayotoka kwenye koili (lile duara la waya linalopitishwa juu ya ardhi) hufifia kadiri inavyoshuka, na ishara ya sarafu nayo hufifia ikipanda. Kina kikiwa mara mbili, kinachorudi hupungua takriban mara 64.

Mashine za masanduku mawili kwenye fito zipo, na huona mita moja au zaidi, lakini ni za kutafuta vitu vikubwa kama sanduku au sufuria. Sarafu moja haziisikii kabisa. Vile vifimbo viwili vinavyodaiwa kuelekea kwenye dhahabu vyenyewe kutoka mbali ni utapeli mtupu, na inaniuma kuona watu wanauza ng'ombe ili wavinunue.

Nyumba ya udongo ikianguka, kuta hulalia sakafu, na sarafu iliyodondoka mwaka 1910 hufunikwa na kifusi cha nusu mita. Basi punguza kifusi badala ya kununua nguvu. Ondoa tabaka la sentimita 15, pitisha koili, pitisha pia kwenye lundo ulilotoa, kisha shuka tena. Tumia koili ndogo ya inchi 6 hadi 9, kwa sababu maboma ya zamani yamejaa misumari, na koili kubwa husikia msumari na sarafu kwa pamoja ikakupa sauti ya chuma. Nenda polepole. Ukisikia mlio, zunguka robo duara uusikilize tena: sarafu hulia vilevile pande zote, msumari hukatakata. Ukikuta yenye tundu katikati, huenda ni heller 5 au 10 ya Mjerumani, yaani chenji ya rupia.

Na kabla ya kumlipa muuzaji yeyote, zika sarafu sentimita 10, nyingine 20, nyingine 25, kwenye udongo wa kwenu, umwambie azitafute mbele yako.

*Nina mashine ya mapigo ninayotafutia dhahabu. Inafaa kwa sarafu? (Msomaji, Geita)*

Mashine ya mapigo hutuma nguvu ya sumaku kwa vipigo vifupi. Kwa kina inafaa, hasa kwenye udongo mwekundu wenye chuma unaozisumbua mashine za kawaida. Ila haichuji chuma vizuri. Utachimba kila msumari na kila kipande cha bati. Shambani mbali na makazi, sawa. Kwenye kiwanja cha mtu itakuchosha.

*Niko Leeds, nimepata ruhusa ya mkulima mmoja. Nianze na mashine gani? (Msomaji, Uingereza)*

Umeanza na jambo kubwa kuliko mashine, hongera. Kwenye mashamba ya huko jembe la trekta hugeuza udongo wa juu kila msimu, hivyo sarafu nyingi hazijakaa chini sana. Zile peni za fedha za zama za kati ni nyembamba mno, gramu moja na kidogo, na mashine inayotumia mawimbi ya masafa ya chini pekee huzipita. Chukua yenye masafa mengi kwa wakati mmoja: Minelab Equinox, XP Deus II au Nokta Legend. Iliyotumika inatosha kabisa.

Kwa England na Wales, sarafu mbili au zaidi za dhahabu au fedha zilizozikwa pamoja, zenye zaidi ya miaka 300, ni hazina kwa Sheria ya Hazina ya mwaka 1996. Ziripoti ndani ya siku 14.

*Ufukweni mashine yangu inapiga kelele mfululizo. Imeharibika? (Msomaji, Mombasa)*

Hapana. Mchanga wenye maji ya chumvi hupitisha umeme, na mashine ya masafa mamoja huudhani ni metali. Punguza usikivu wake, au baki kwenye mchanga mkavu.

*Sarafu za masultani wa Kilwa ziko kina gani? Nataka kujaribu karibu na magofu. (Msomaji, Kilwa Masoko)*

Hapo ndugu yangu sikusaidii. Kilwa Kisiwani ni urithi wa dunia tangu 1981, na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka leseni kabla ya kuchimba. Lakini hata pasingekuwa na sheria ningekukatalia. Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 wanaakiolojia walikuta sarafu zaidi ya 2,000 za fedha pamoja na dinari chache za dhahabu. Kwa kuwa zote zilikuwa pamoja, dinari zile za Wafatimi (watawala wa Misri wa enzi hizo), ambazo umri wake unajulikana, zilisaidia kuonesha kwamba fedha yetu ya pwani ilikuwa mikononi mwa watu karne ya 11. Zingezolewa usiku moja moja na kuuzwa, tungebaki na vipande vya fedha visivyo na umri.

Ikiwa jembe litakutolea moja shambani, usiisugue. Piga picha mahali ilipolala, weka alama, uipeleke ofisi ya mambo ya kale iliyo karibu nawe.