Manjano na MS, imepimwa kweli?

SWALI: Daktari shikamoo, dada angu ana MS, ule ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia neva za ubongo na uti wa mgongo, kaambiwa manjano inatuliza uvimbe kwenye neva. Imepimwa au maneno tu?

JIBU: Marahaba, mpe pole dada. Imepimwa ndio, ila zaidi kwa panya waliopewa ugonjwa unaofanana na MS, na panya kupata nafuu sio mtu kupata nafuu, tena kakyumini, kile kiini cha manjano kinachosemwa ndio dawa, haifyonzwi vizuri tumboni. Mitishamba siidharau kabisa: fingolimodi, kidonge cha MS kilichoidhinishwa Marekani 2010, chanzo chake ni kuvu wa tiba ya Kichina, lakini wanasayansi walikibadilisha, wakapanga dozi, wakalinganisha na kidonge kisicho na dawa, wakahesabu mara ugonjwa ulivyoibuka upya, wakapiga picha za ubongo za MRI. Dawa zake asiache, na ekinasia, mmea wa dawa, asiguse bila kumuuliza daktari wake, inaweza kuchochea kinga.