MUULIZE ANTI: Tumealikwa kasino kusikiza piano, twende?

SWALI: Anti shikamoo. Bosi wa mume wangu, Mtaliano, ametualika Jumamosi usiku kasino hapa Malindi, asema kuna baa ya piano na mwimbaji anaimba laivu. Muziki napenda sana ila kamari sijawahi na sitaki, na mume wangu namjua akiona wenzake wanacheza naye huingia. Je, ni lazima tucheze? Na nikitaka nyimbo naomba vipi, natuza kama kwa taarab?
Mama Wawili, Maweni

JIBU: Marahaba mwanangu, nendeni! Hakuna wa kukulazimisha kucheza, kaa upande wa piano na soda yako, ila soda hiyo bei yake si ya dukani kwa hivyo isome menyu kwanza hata kama bosi kasema analipa yeye. Bebeni vitambulisho, chini ya miaka 18 hawaingii.

Sasa hapo kwa kutuza. Taarab waenda mbele ukicheza, noti juu kila mtu aione, lakini piano hapana jamani, utaona glasi imewekwa hapo juu ina noti ndani, wewe subiri amalize, mwinamie umwambie wimbo unaotaka, tia yako kwa glasi bila makeke urudi ukae. Na juisi yako usiiweke juu ya piano tafadhali, mle ndani mna nyaya zaidi ya 200 na chumvi ya bahari yetu yazila kila siku, ndo maana ukisikia sauti imepinda kidogo usimcheke kijana wa watu. (Aliyeunda piano ya kwanza alikuwa Mtaliano pia, Cristofori, kama mwaka 1700 hivi, mtajie bosi uone atakavyofurahi.)

Haya, mumeo. Ruleti ni gurudumu la namba, kigololi huzungushwa nawe wabashiri kitaangukia namba gani. Ile ya Kizungu ya Ulaya ina namba 37, yaani 1 mpaka 36 na sifuri, ukipata namba yako wakulipa mara 35 wakati kwa haki ingekuwa 36, na hiyo moja inayobaki ndo inalipa piano, mwimbaji na AC, kwa hivyo akikaa pale usiku kucha pesa yake italiwa tu. Mpe keshi ambayo hata ikienda yote unga nyumbani haukosi, na simu yake yenye M-Pesa kaa nayo wewe kwa mkoba, akiuliza sema wapiga picha.

Tuktuk ya kurudi patana mapema na mtu mnayemjua, saa nane za usiku pale Lamu Road bei hupanga yeye.