Jibu kwa dada wa Kongwa: mama haponi na tumeomba mpaka tumechoka

Pole sana dada yangu, nimesoma ulivyoandika kwamba mama ana sukari na kidonda cha mguu hakifungi, mmeomba toka mwaka jana na sasa kuna mtu wa maombi kawaambia ni pepo kwa hiyo aache dawa ndo imani ionekane. Hapo kwenye dawa nakataa kabisa! Paulo alimwambia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake, 1 Timotheo 5:23, hakumwambia huna imani. Mpelekeni hospitali ya Benjamin Mkapa hapo Dodoma hata kesho, kidonda cha mtu wa sukari hakisubiri, kikioza mguu unaweza kukatwa, na kila siku mumkague mpaka nyayo maana miguu ikishaingia ganzi anaweza kuumia asisikie.

Vita vya kiroho vipo sikatai, soma Danieli 10, jibu lilizuiwa siku 21 huku Danieli anaendelea kujinyima chakula kizuri na kuomba tu. Ila si kila ugonjwa ni pepo, na kuchelewa kupona sio dhambi ya mama, Paulo huyo huyo aliomba mara 3 mwiba wa mwilini, yaani mateso yake, umtoke na haukutoka (2 Wakorintho 12). Nyie gawaneni zamu za kuomba, wewe usiku kaka yako alfajiri, maana mkikesha wote wiki nzima lazima mchoke jamani. Maneno yakiisha someni Zaburi kwa sauti pale kitandani. Na huyo mtu wa maombi akidai kwanza sadaka ya ukombozi, yaani hela ndo amtoe pepo, mwambieni mama yuko kliniki.