Fundi Ajibu: Bawa la setilaiti na jicho linalochelewa

*Shikamoo babu. Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi wa umeme, mwaka wa tatu, nyumbani Kisauni. Darasani tumeambiwa kwamba vyombo vya angani vyenye mabawa marefu ya sola hutetemeka, na kwamba mtetemo ule waweza kutulizwa kwa kamera na kompyuta inayosoma picha. Mimi ningebandika vihisi kwenye bawa lenyewe nikamaliza kazi. Kwa nini kamera? Na kwa nini bawa lisitengenezwe gumu tangu mwanzo?*
Mwanafunzi, Kisauni

Marahaba, mwanangu. Barua kama hii naingoja mwaka mzima. Naanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo lililozaa lile la kwanza.

Bawa haliwi gumu kwa sababu ya uzito na kwa sababu ya nafasi. Kila kilo inayopanda angani inagharimu, na bawa lenyewe sharti litoshee ndani ya pua ya roketi kabla ya kukunjuliwa huko juu. Mabawa ya Kituo cha Kimataifa cha Anga yana urefu wa mita 35 hivi na upana wa mita 12, na yalipandishwa yakiwa yamekunjwa mkunjo juu ya mkunjo ndani ya masanduku. Kitu cha namna hiyo hakiwezi kuwa chuma cha reli. Ni ufito. Na ufito wa angani una ugonjwa ambao wa huku kwetu hauna. Kuti la mnazi likitikiswa, hewa inayolizunguka hulituliza. Huko juu hewa hakuna, kunabaki msuguano mdogo tu wa ndani ya viungo, na bawa likishaanza kuyumba laweza kuyumba muda mrefu sana.

Wamarekani walilipata somo la vitu laini mapema. Setilaiti yao ya kwanza, Explorer 1, ilirushwa Januari 31, 1958, ikizungushwa kwenye urefu wake kama risasi. Ubavuni ilikuwa na antena nne laini mfano wa nyaya. Antena zile zilipokuwa zikipinda zilikula nishati ya mzunguko kidogo kidogo, na haukupita muda chombo kikawa kinazunguka kama rungu lililorushwa, kichwa huku mkia kule. Hakuna kilichovunjika. Ulaini peke yake ulitosha.

Darubini ya Hubble nayo ilipopanda mwaka 1990 ilikuwa na mabawa yaliyokunjuliwa kwa mihimili myembamba ya chuma. Kila ilipovuka kutoka kivulini kuingia juani, au kutoka juani kuingia kivulini, upande mmoja wa mhimili ulibadili joto kabla ya mwingine. Mhimili ukajipinda, bawa likashtuka, na darubini nzima ikatikisika ilhali kazi yake ni kuielekea nyota moja bila kupepesa. Mabawa yale yalibadilishwa Desemba 1993, na mwaka 2002 yakawekwa mengine madogo na magumu zaidi.

Sasa vihisi. Tufanye hesabu pamoja. Chukua ncha ya bawa inayokwenda sentimita 5 huku na 5 kule, safari nzima ikichukua sekunde 10. Mchapuko wake, yaani jinsi kasi inavyobadilika kwa haraka, ukifika juu kabisa ni kama sehemu mbili kwa elfu za uvutano wa dunia. Kihisi cha mchapuko kitausikia kwa shida, kisha wewe unayetaka kujua bawa *liko wapi* itabidi ujumlishe namba zake mara mbili, na kila kosa dogo litakua kadiri muda unavyokwenda. Ongeza waya wa kila kihisi, uzito wake, na kiungo kinachokunjuka ambacho waya huo lazima ukipite. Kamera inasimama kwenye mwili wa chombo, hailigusi bawa, na inakuambia mahali moja kwa moja.

Mwaka 1984, kwenye chombo cha angani Discovery, mwanaanga Judith Resnik alikunjua bawa la majaribio lenye urefu wa mita 31 na upana wa mita 4. Chombo kilitikiswa makusudi, na kamera za video zikatazama bawa linavyojibu. Novemba 1995 kamera zilizofungwa ndani ya chombo Atlantis zilipiga picha bawa la kituo cha Mir cha Warusi, bawa ambalo lilikuwa tayari liko angani na hakuna aliyekuwa na njia rahisi ya kulibandika vihisi. Hapo utaona faida ya jicho.

Lakini picha zile zilipimwa baadaye, huku chini, watu wamekaa mezani. Kupima ni kazi moja na kutuliza ni kazi nyingine. Hapa ndipo ninapotaka ukae nami kidogo, kwa sababu jambo hili nimelijua kwa mikono yangu kabla sijalisoma popote.

Nilianza kazi bandarini Kilindini nikiwa opareta wa kreni, ndipo baadaye nikahamia karakana ya umeme. Kontena linaloning'inia kwa kamba za mita 20 hubembea mara moja kila sekunde 9 hivi. Ukitaka kulituliza, huvuti kamba. Unaisogeza troli, kile kigari cha juu kinachobeba kamba, ili ilifuate kontena na kulikuta likiwa chini yake. Usiku mmoja wa kusi, nikiwa mgeni wa kazi, kontena la futi 40 lilianza kuyumba. Nililiona, nikafikiri, nikasogeza. Lile la kufikiri ndilo lililoniponza. Troli ilipofika, kontena lilikuwa limeshageuza, na mimi nikalisukuma kule kule lilikokuwa likienda. Likayumba zaidi. Nikafanya tena vile vile, kwa bidii zaidi, nalo likagonga pembe ya kontena jingine. Hakuna aliyeumia, nashukuru Mungu mpaka leo. Msimamizi wa zamu alipanda ngazi zote zile hadi kwenye kibanda changu, akaniambia maneno haya: "Macho yako ni mazima. Mkono wako unajibu swali la jana."

Mwanangu, hilo ndilo tatizo zima la kamera na bawa. Kamera inafungua jicho, picha inasomwa, kompyuta inatafuta alama, inakisia mwendo, inatoa amri, injini ndogo au gurudumu la kuelekeza chombo linaitikia. Sema yote hayo yanachukua sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa mwyumbo wa sekunde 10, ucheleweshaji huo si kitu: ni chini ya digrii 4 kati ya 360 za mzunguko mmoja. Lakini bawa halina mwyumbo mmoja. Lina ule mkubwa wa polepole, na juu yake lina mitetemo mingine midogo ya haraka, kama uzi wa gambusi unaoimba sauti zaidi ya moja. Chukua mtetemo wa sekunde 0.3. Ucheleweshaji ule ule sasa ni theluthi ya mzunguko, digrii 120. Msukumo uliokusudiwa kutuliza ukichelewa kwa robo ya mzunguko, hautulizi tena chochote. Ukipita robo, unaanza kulisha. Kwa hiyo mfumo wako unatuliza mwyumbo mkubwa vizuri kabisa, na wakati huo huo unauchochea ule mdogo ambao hukuuweka kwenye hesabu, hadi uwe mkubwa. Wahandisi wengi wamelala na tatizo hili na kuamka nalo.

Dawa zipo. Chuja amri zako ili mitetemo ya haraka isipate kitu. Ifundishe kompyuta tabia ya bawa, ili isisukume kwa kufuata mahali bawa *lilipoonekana* bali mahali *litakapokuwa* amri itakapofika. Opareta mzuri wa kreni hufanya hivyo bila kujua jina lake.

Kuna pia njia ya kupunguza ucheleweshaji wenyewe, na nadhani ndiyo aliyoigusa mhadhiri wako. Picha si lazima isomwe na kompyuta pikseli kwa pikseli, nukta moja moja. Lenzi yenyewe ni kikokotozi. Ukipitisha mwanga wa leza kwenye picha kisha kwenye lenzi, pale kwenye fokasi, mahali miale inapokutana, mwanga unajipanga kwa kadiri ya mawimbi yaliyomo ndani ya picha ile, yaani jinsi weupe na weusi unavyopishana, hesabu ambayo kompyuta za zamani zilihangaika nayo. Mwaka 1964 mtafiti A. VanderLugt alionyesha namna ya kuweka kichujio mahali hapo ili umbo unalolitafuta lijitokeze upande wa pili kama doa jeupe. Alama ya bawa ikisogea, doa nalo linasogea. Mwanga unavuka mita moja kwa nanosekunde 3 tu. Kinachobaki kuchelewa ni kuingiza picha kwenye kifaa na kulisoma doa. Siku hizi vichakataji ni vyepesi na vya haraka, lakini ukiielewa njia ile utaelewa kwa nini watu walitaka mwanga ufanye hesabu.

Kuhusu usahihi usiogope pikseli kubwa. Bawa la mita 30 likijaza upana wa pikseli 1000, kila pikseli inameza sentimita 3. Alama nyeupe ikienea kwenye pikseli kadhaa, unatafuta kitovu cha mwangaza wake kwa kuipa kila pikseli uzito wa mwanga iliyoupokea, na unaweza kufika sehemu ya kumi ya pikseli. Yaani milimita 3.

Na kwamba jicho la kamera laweza kumwongoza mtu papo hapo, hilo limeshafanyika. Desemba 1998 mwanaanga Nancy Currie aliishika Zarya, moduli ya kwanza ya Kituo cha Kimataifa cha Anga, kwa mkono wa mtambo na kuileta iungane na moduli ya pili, Unity, mahali ambapo macho yake hayakufika. Kamera zilisoma madoa meusi yaliyochorwa kwenye kuta za moduli na kompyuta ikampa vipimo. Nikimfikiria namwona opareta mwenzangu, amekaa kibandani, mzigo uko chini na haonekani.

*Fundi, salaam aleikum. Kreni yetu ina kamera chini ya troli inayotazama viakisi juu ya spreda, fremu inayoshika kontena, ili kuzuia kuyumba. Jua la asubuhi likiingia, mfumo unajizima. Huko angani kwenye jua kali zaidi wanafanyaje?*
Opareta, Changamwe

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Kwanza kafute kioo cha kamera na viakisi. Chumvi ya bahari ikikauka juu yake huusambaza mwanga wa jua ukawa ukungu. Kisha muulize fundi wenu kama taa ya kamera na kichujio chake ni vya rangi moja. Angani dawa ni hiyo hiyo: unatoa mmweko wako mwenyewe wa rangi nyembamba, viakisi vinaurudisha kule kule ulikotoka, kichujio kinakataa rangi nyingine zote, na jicho la kamera linafunguliwa kwa muda mfupi sana wa mmweko tu. Chombo kinachoizunguka dunia kwa dakika 90 kinaingia kivulini na kutoka mara 16 kwa siku, kwa hiyo mfumo unaotegemea jua limulike alama hauna maisha.

Narudi kwako, mwanangu wa Kisauni, kwa neno moja la nyongeza. Desemba 12, 1970, nikiwa na miaka kumi, setilaiti Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini upande wa Malindi, siku ya kuadhimisha uhuru wetu, ndiyo maana ikaitwa hivyo. Mwalimu alitutoa nje tukatazama kaskazini. Hatukuona kitu, nami sijaacha kutazama. Sasa fanya hivi: chukua rula ya chuma ya mita moja, ibane ncha moja kwenye meza, bandika doa jeupe kwenye ncha ya pili, irekodi kwa simu. Hesabu picha kati ya kwenda na kurudi. Kisha gusa rula kwa kidole ili kuituliza, mara ya kwanza kwa wakati wake, mara ya pili umechelewa kwa nusu ya safari. Andika vipimo vyote viwili uniletee.