Diski na pedi mpya za Land Cruiser: mambo ya kujua kabla hujafungua tairi

Kinachoua breki za magari ya utalii Arusha ni joto kuliko mwendo kasi. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko karibu mita 600 juu ya sakafu yake. Land Cruiser ya tani 3, na wageni wake, friji, maji na spea tairi mbili, ikishuka kimo hicho kwa breki peke yake huzalisha joto la kuchemsha takriban lita 50 za maji ya bomba. Joto hilo linaishia kwenye diski, pedi na mafuta ya breki. Kwa hiyo wewe unayeanza kazi, fundi au dereva, jua unachonunua: diski nzuri haiongezi sana nguvu ya kusimamisha gari, inachelewesha tu breki kuchoka. Atakayeshuka Seneto, barabara ya kuteremkia kreta, na gia ya nne ataziunguza hata diski za bei mbaya.

Kabla mwenye gari hajatoa hela, ingia uvunguni uangalie nyuma. Land Cruiser nyingi za 70 Series zina vali yenye mkono ulioungwa kwenye ekseli ya nyuma. Mzigo ukikandamiza springi, mkono unasogea na breki za nyuma zinapewa presha zaidi. Gari likinyanyuliwa kwa springi ndefu bila mkono huo kurekebishwa, vali inalichukulia kama gari tupu siku zote, na mbele inafanya kazi yote peke yake. Gari la namna hiyo utalibadilishia diski za mbele kila msimu bila kuujua ugonjwa.

Kwenye diski, chukua ya kawaida yenye nafasi ya hewa katikati, ya kiwanda kinachoaminika. Yenye mifereji usoni inafaa kwa vumbi na tope kwa sababu inafuta uso wa pedi, ila pedi zinalika haraka kidogo. Zenye matundu waachie wa mjini: matundu yanaziba tope, na nyufa huanzia kingoni mwake. Ya zamani ipime unene kwa mikromita na ulinganishe na namba ya chini kabisa iliyochapwa kwenye diski yenyewe. Ikifika hapo usipeleke kuchongwa, tupa.

Pedi feki zimejaa, na boksi halithibitishi kitu. Tafuta herufi mbili ubavuni mwa pedi, kwa mfano FF au GG. Ya kwanza inaeleza mshiko wa kawaida, ya pili mshiko ikiwa ya moto: E ni 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Pedi ya FE, basi, inalegea pale pale unapoihitaji, katikati ya mteremko. Kwa gari lenye mzigo tafuta FF au zaidi, zenye mchanganyiko wa chuma. Za mashindano ziache, hazishiki vizuri zikiwa baridi, na asubuhi ya Karatu unaijua.

Sasa kazi yenyewe. Diski ya mbele ya magari haya imefungwa nyuma ya habu (kitovu kinachobeba tairi), kwa hiyo habu lazima itoke, na soketi ya milimita 54 ya nati ya beringi iwe mkononi. Wanaotumia patasi na nyundo kwenye nati hiyo ndio wanaoharibu beringi za watu. Habu ikishatoka, badilisha sili ya ndani na uweke grisi mpya. Ukikuta uji wa grisi na oili umefika kwenye diski, sili za ekseli zimekufa. Zishughulikie kwanza, la sivyo pedi mpya zitalowa.

Sugua uso wa habu kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae. Punje ya kutu hapo inapindisha diski, ikizidi sehemu ya kumi ya milimita usukani unaanza kutetemeka. Diski mpya ina mafuta ya kuzuia kutu, yafute yote kwa dawa ya kusafishia breki. Kisha kalipa, kifaa kinachobana pedi kwenye diski: kila pistoni irudi kwa mkono, bila kupigana nayo. Moja ikigoma, pedi moja italika upande na diski mpya itaungua. Unaporudisha pistoni, fungua nipo (skrubu ya kutolea upepo kwenye kalipa) mafuta machafu yatoke hapo badala ya kuyasukuma kurudi juu. Mkazo wa beringi ufuate kitabu cha modeli yako.

Mafuta ya breki badilisha yote. DOT 3 mapya huchemka kwenye nyuzi 205, lakini yakishanyonya unyevu hushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Yakichemka, pedeli inaenda chini na hakuna kinachoshika. Weka DOT 4 kabla ya msimu wa Juni, na usichanganye kamwe na DOT 5, ambayo ni silikoni. Toa upepo kuanzia tairi la nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Vali ya nyuma ikiwa na nipo yake, usiiruke.

Usimkabidhi dereva siku hiyo hiyo aelekee Manyara. Nenda barabara ya mchepuo ya Ngaramtoni hadi Usa River alfajiri, magari yakiwa machache. Punguza kutoka kilomita 60 hadi 10 kwa saa mara kama kumi, bila kusimama kabisa, ukiachia breki zipoe kidogo kila baada ya mara moja. Halafu endesha dakika kumi bila kukanyaga. Ukisimama na pedeli chini diski ikiwa ya moto, pedi inaacha alama, na mtetemo utakaofuata utaambiwa diski ni feki. Baada ya kilomita 100 kaza nati za tairi tena kwa mtindo wa nyota, na nyanyua gari utikise tairi kusikiliza beringi.