Treni ya Dar–Moshi, bando la GB 5 na mteja aliyenipotea

Juzi kuna mdogo wangu mmoja wa Sakina, Arusha, kanitumia meseji: "Dada, wiki ijayo napanda treni kwenda Dar, nina kazi ya mtandaoni, hivi laptopu itashika intaneti njiani au nipande tu basi?" Nikacheka, halafu nikanyamaza, maana hilo swali mwenzio nimelilipia ada.

Desemba iliyopita nilikuwa Kariakoo kufuata mzigo, na nyie mnajua Wachaga na Desemba, wote wanarudi kwao Kilimanjaro, mabasi yamejaa, anayepata siti ni yule aliyekata tiketi mapema. Nikakimbilia treni, daraja la tatu, nikajiambia si usiku kucha hii, nitapiga kazi kimyakimya niamke Moshi pesa imeshaingia. Hapo nina mteja, kampuni moja ya utalii ya Arusha, jina nalihifadhi, ndo walikuwa wananilipia kodi ya chumba changu hapa Majengo mwaka mzima, nawaandalia ratiba na bei za safari za wageni. Siku hiyo walitaka ratiba ya siku sita, Tarangire, Ngorongoro, Serengeti, familia ya Wajerumani, mwisho saa sita usiku. Nikanunua bando la GB 5, nikajiona mjanja kuliko behewa zima.

Tunaondoka Dar hotspoti iko hewani, simu iko ndani ya pochi, pochi iko chini ya siti. Hatujafika hata Ruvu ikaingia meseji, umetumia asilimia 75 ya kifurushi chako. Nimefungua nini jamani? Google Docs na WhatsApp tu! Kumbe laptopu yangu ikishika hotspoti inajua ni waifai ya bure ya ofisini, ikaanza kushusha maapdeti ya Windows yaliyokuwa yanasubiri sijui tangu lini, huku picha zangu zote zinapanda kwenye hifadhi ya mtandaoni. Nahangaika kutafuta pa kuizima, bando likakata.

Nikasema si ninunue lingine. Napiga menyu, inazunguka, inazunguka, inaleta ile meseji ya tatizo la muunganisho au msimbo wa MMI sio sahihi. Mara nne. Hapo tumeshaingia mapori ya kuelekea Wami, giza, barabara kuu tumeiacha, kwenye simu kuna mistari miwili na kaherufi E. Hako ka-E ukikaona ujue uko kwenye 2G, meseji itaenda, faili halitaenda, bora ulale. Na ratiba yenyewe iko wapi? Kwenye Docs, mtandaoni, sijaishusha. Yani hata kuiendeleza bila mtandao siwezi. Nimekaa na kioo cheupe kina kaduara kanazunguka, mzee wa siti ya mbele akaniuliza, "Mama, hiyo sinema mbona haianzi?"

Bando lilikubali Korogwe. Faili liliondoka Mombo, saa tisa usiku.

Asubuhi tunaingia Moshi mlima uko wazi hauna wingu hata moja, behewa zima wanapiga picha, mimi nasoma: "Tushampa mtu mwingine. Mtu mwenye kazi ya saa sita hapandi treni." Mwaka mzima sijawahi kuwachelewesha hata siku moja, naachwa kwa sentensi mbili.

Sasa mdogo wangu nisikilize, nimepanda treni hiyo mara nne tangu hapo.

Behewa ni chuma, chuma kinazuia mawimbi, kinachoingia kinaingia dirishani. Kwa hiyo simu ikae dirishani na laptopu ikae popote. Mimi naifunga na mpira wa nywele kwenye kikono cha dirisha, kwa ndani, kebo ya USB inashuka mpaka kwenye laptopu. Treni ikipunguza mwendo kuingia stesheni naifungua naishika mkononi, kuna vidole virefu kule nje utashangaa. Kebo naipenda kuliko hotspoti kwa sababu simu inachajika hapohapo, sema inakula chaji ya laptopu, na hapo ndo watu wanadanganyana na pawabanki. Pawabanki ya 20,000 mAh ni kama wati-saa 74, laptopu inayochajiwa kwa Type-C utaijaza mara moja, tena kama pawabanki ina nguvu ya kutosha. Hii yangu ya pini ya duara haipati kitu.

Halafu minara. Minara inajengwa penye watu. Kuanzia Moshi mpaka Korogwe reli na barabara zinaenda pamoja chini ya milima ya Upare na Usambara, Same, Hedaru, Mkomazi, Mombo, hapo utafanya kazi. Kutoka Mnyusi mpaka Ruvu hesabu kwamba hakuna mtandao. We unatokea Arusha, una bahati, sehemu nzuri unaanza nayo, mimi nilianza na pori. Korogwe ikufike kazi imeshatumwa. Beba laini mbili za kampuni tofauti, yangu ilikufa Hedaru jirani yangu anaangalia magoli. Na usidanganywe na mistari kujaa, mistari inapima mawimbi, haipimi foleni, treni nzima mkifungua TikTok kwa pamoja mnara mmoja unazidiwa.

Kwenye Windows, ukishaunganisha, ingia kwenye mipangilio ya mtandao uwashe swichi ya Metered connection, ile inayoiambia laptopu kwamba intaneti hii ni ya bando, isijishushie maapdeti. Simamisha na picha zisipande. Na faili lishushe kabla hujatoka nyumbani. Narudia, LISHUSHE. Vijana tunalalamika mtandao mtandao, ukimuuliza kazi yako iko wapi anakuonyesha angani. Fanya kazi bila mtandao, tuma ukiupata. Kikao cha video usijaribu, picha ikiwa safi saa moja inakula karibu GB 1, piga sauti tu. Mungu amekupa akili na dirisha, vitumie.

Wale wa Arusha walinitafuta wiki mbili zilizopita, kwa namba nyingine, wakiuliza kama bado natengeneza ratiba. Nilikuwa kwenye treni hiyohiyo, tunakaribia Same, usiku, simu iko kwenye mpira wake dirishani. Nikawajibu ndani ya dakika nne na mfano wa ratiba na bei nikaambatisha.

Tiki mbili za bluu mpaka leo.